Setilaiti, droni au miguu: njia ipi itakuambia kama ardhi ya mgodi inapona

Uchimbaji wa mchanga wenye madini huko Kwale, takriban kilomita 50 kusini mwa Mombasa, ulikoma Desemba 2024. Ulianza mwishoni mwa 2013, na shehena ya kwanza ikasafirishwa kupitia Likoni Februari 2014. Upande wa Tanzania, mgodi wa Buzwagi huko Kahama uliacha kuzalisha dhahabu mwaka 2021. Mingine itafuata, maana hakuna mgodi usioisha. Kila unapofungwa mmoja, taarifa hufanana: miche imepandwa, majani yameota, ardhi inarudi. Na kila mara swali lile lile hubaki mikononi mwa wanakijiji na maofisa wa mazingira: inarudi kweli, au imefunikwa tu?

Njia za kupima ni nyingi, na kila mtaalamu huisifia yake. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu anayepaswa kuchagua huku fedha zikiwa chache: kamati ya kijiji, kikundi cha mazingira, ofisi ya kaunti au halmashauri. Nauweka msimamo wangu mezani mapema. Uti wa mgongo wa ufuatiliaji ni watu wanaorudi kwenye ploti zilezile kila mwaka wakiwa na kamba, daftari na kamera. Setilaiti ni msaidizi wa thamani kubwa, tena wa bure. Droni ni ya kazi maalumu, na inafaa ikodiwe badala ya kununuliwa. Sababu zangu zinaanzia Bamburi.

Bamburi: kijani kilitangulia, udongo ukachelewa

Mwaka 1971 René Haller, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha saruji cha Bamburi, alianza kupanda miti ndani ya machimbo ya mawe ya chokaa kaskazini mwa Mombasa. Udongo haukuwepo. Sakafu ya shimo ilikuwa mwamba mtupu wa matumbawe ya kale, jua likichoma juu na maji ya chumvichumvi yakiwa karibu chini. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili zilikuwa tatu tu: mvinje, mnazi, na mti wa asili ya Somalia uitwao damas. Mvinje ndio uliofanya vizuri kuliko yote, kwa kuwa huvumilia chumvi na una vijidudu mizizini vinavyoinasa nitrojeni kutoka hewani.

Miti ikapanda juu. Aliyeangalia kwa mbali angesema kazi imekwisha. Lakini chini ya vivuli hivyo, vijani vyembamba vya mvinje vililala tu bila kuoza, kwa sababu vina tanini nyingi ambayo bakteria huishindwa. Visipooza hakuna mboji, na pasipo mboji hakuna udongo wa kuupokea mti mwingine. Tatizo hili halionekani mpaka mtu ainame. Haller akamwona jongoo mwenye miguu myekundu akizitafuna taka zile za mvinje, akakusanya mamia yao na kuwaachia humo. Kinyesi cha majongoo kikawapa bakteria chakula wanachokiweza, mboji ikaanza kujengeka, na mimea mingine ikapata pa kushika. Mwaka 1984 eneo lilifunguliwa kwa wageni, na leo linajulikana kama Haller Park.

Landsat ya kwanza, setilaiti ya Marekani ya kupiga picha za ardhi, ilirushwa angani Julai 1972, mwaka mmoja baada ya miche ile ya mwanzo. Hata kama ingekuwa na macho makali kama setilaiti za sasa, ingetuonyesha shimo jeupe likigeuka kijani, basi. Ingetangaza ushindi kabla jongoo wa kwanza hajaletwa. Hii ndiyo hatari ya kupima uponaji wa ardhi kwa rangi yake.

Setilaiti na miguu, ana kwa ana

Nianze na haki ya setilaiti, kwa sababu wapenzi wa kazi ya mashambani mara nyingi huibeza bila sababu. Picha za Landsat zimekuwa bure tangu 2008. Sentinel-2 ya Ulaya, iliyoanza kazi 2015, hupita juu ya sehemu ileile kila baada ya siku tano setilaiti zake mbili zinapofanya kazi pamoja, na kila nukta ya picha yake hubeba eneo la mita 10 kwa 10. Yaani hekta moja ni nukta 100. Kwa Landsat, yenye nukta za mita 30, hekta hiyohiyo ni nukta 11 hivi. Picha hizi huhitaji kompyuta, intaneti na kijana mmoja aliyejifunza kuzisoma. Mlinzi wa geti hahusiki, na ruhusa ya mwenye mgodi haihitajiki.

Zaidi ya yote, setilaiti hurudi nyuma. Kama hakuna aliyepima ardhi ya Kwale kabla ya 2013, huwezi leo kurudi na kamba ukaipime. Picha zipo. Utaona palipokuwa na mashamba, palipokuwa na vichaka, na namna uchimbaji ulivyosogea mwaka hadi mwaka. Na linapotokea jambo kubwa la ghafla, kama kupasuka kwa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui tarehe 7 Novemba 2022, picha ya kabla na ya baada huonyesha tope limefika wapi hata kama barabara hazipitiki.

Kipimo kinachotumika zaidi ni NDVI. Jani bichi hufyonza mwanga mwekundu na kuurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ya karibu, usioonekana kwa macho. Tofauti ya mwanga huo wa aina mbili ikigawanywa kwa jumla yake hutoa namba kati ya −1 na 1. Udongo mtupu huwa karibu na sifuri, msitu mnene hupanda juu. Hapa ndipo matatizo yanapoanza, na ninayaeleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayowaponza wengi.

Tatizo la kwanza: namba hiyo hufika kikomo mapema. Kichaka kilichoshonana na msitu wa miaka mia vinaweza kutoa namba zinazokaribiana sana, kwa kuwa setilaiti huona tabaka la juu la majani tu. La pili ni kubwa zaidi: kijani hakina jina. Huko Richards Bay, Afrika Kusini, wanachimba mchanga wa vilima vya pwani kutafuta madini yaleyale ya Kwale, ilmenaiti, rutaili na zirkoni, na wamekuwa wakirudisha uoto tangu miaka ya 1970. Sehemu ya ardhi hiyo hurudishwa kuwa msitu wa asili wa vilima vya mchanga. Sehemu nyingine ilipandwa mvinje kwa ajili ya biashara. Viwili hivi vikiwa na umri unaolingana, vyote ni kijani kizuri juani. Chini yake ni dunia mbili tofauti. Kwetu pwani, mwarobaini na lantana huvamia ardhi iliyovurugwa kwa kasi ya kutisha, na grafu ya NDVI itaupanda mlima ikishangilia uvamizi huo.

La tatu ni mvua. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilinyesha kwa wingi Afrika Mashariki, baada ya ukame wa muda mrefu wa 2020 hadi 2022 katika sehemu nyingi za eneo hili. Ukilinganisha picha ya mwaka wa ukame na ya mwaka wa mafuriko utasema ardhi imefufuka, kumbe ni nyasi za msimu. Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Kwanza, tumia picha za mwisho wa kiangazi, Februari au mapema Machi, wakati nyasi zimekauka na kilichobaki kijani ni miti na vichaka vyenye mizizi ya kina. Pili, usitoe namba ya eneo la mgodi peke yake. Igawanye kwa namba ya msitu wa jirani usioguswa, kutoka picha ileile. Mwaka wa mvua utaviinua vyote viwili, na uwiano utakuambia ukweli. Mawingu ya pwani yatakupunguzia picha, lakini huhitaji nyingi: moja safi kwa mwaka, ya msimu uleule, inafaa kuliko kumi za ovyoovyo.

Sasa miguu. Ploti ya kudumu ni kipande cha ardhi, kwa kawaida mita 10 kwa 10 kwa miti, na ndani yake vijisehemu vya mita 1 kwa 1 kwa nyasi na miche midogo. Pembe zake huwekewa vigingi vya chuma au zege, na namba za GPS za mahali zilipo huandikwa. Kila mwaka, mwezi uleule, watu hurudi: miti ipi ipo, unene wake, mingapi imekufa, ni asilimia ngapi ya ardhi iliyofunikwa, nini kimeota chenyewe.

Udhaifu wake ni wa hesabu. Ploti 10 za ukubwa huo ni mita za mraba 1,000, yaani sehemu moja ya kumi ya hekta. Kama eneo lote ni hekta 100, umeangalia sehemu moja tu katika elfu. Ukizichagua kwa jicho utazipeleka pazuri bila kukusudia. Afadhali zipigiwe kura juu ya ramani, na kila aina ya ardhi (mteremko, tambarare, ukuta wa bwawa la tope, kingo za shimo) ipate yake. Udhaifu wa pili ni majina ya mimea. Hata hivyo, hapa tuna utajiri ambao wageni hawana: wazee wa Kidigo na Kiduruma, waganga wa miti shamba na wakata miti wa zamani hutambua miche ambayo mhitimu wa chuo hupita juu yake. Mlete mtu huyo, mlipe kama mtaalamu, andika jina la kienyeji, piga picha ya jani na gome, kisha mtaalamu wa mimea alinganishe baadaye.

Kama nguvu yako inatosha kuhesabu kitu kimoja tu ndani ya ploti, hesabu miche iliyoota yenyewe ya aina ambazo hakuna aliyezipanda. Idadi ya miche iliyopandwa ni taarifa ya matumizi. Idadi ya iliyobaki hai ni taarifa ya utunzaji. Lakini mche wa mti wa msituni uliojiotea katikati ya ardhi iliyochimbwa unasema mengi kwa mpigo: kuna ndege, popo au tumbili aliyepita na mbegu tumboni, kuna msitu jirani ulioitoa, na udongo umekubali kuishika. Setilaiti haitauona mche huo mpaka miaka mingi ipite. Droni nayo itahangaika.

Droni: lini inalipa

Droni inayopaa mita 100 hivi hutoa picha ambazo nukta yake ni sentimita chache tu. Programu ikiziunganisha picha mamia hupata umbo la ardhi kwa vipimo vitatu, na hapo ndipo droni inapozishinda njia zote: mmonyoko. Korongo la upana wa mita moja halionekani kwenye nukta ya mita 10 ya Sentinel-2, na mpimaji wa ploti anaweza kulikosa kwa kuwa lipo nje ya ploti zake. Droni italiona, na ukirusha tena baada ya masika utajua limekula udongo kiasi gani. Kuta za mabwawa ya tope na kingo za mashimo makubwa, mahali ambapo si salama kupeleka watu, ndizo kazi zake halisi.

Lakini usiitumie kama setilaiti ya karibu. Betri ya droni za kawaida hudumu nusu saa hivi au pungufu, upepo wa kusi huisumbua, na kuchakata picha kunahitaji kompyuta nzito. Kenya ina kanuni za mwaka 2020 za vyombo visivyo na rubani zinazotaka usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kikomo cha kawaida cha kupaa ni futi 400 juu ya ardhi. Tanzania pia kibali ni lazima. Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana: data hubaki kwa mkandarasi. Akimaliza mkataba anaondoka na mafaili, na mwaka unaofuata mwingine anaanza upya kwa mipangilio yake. Ukikodi, andika kwenye mkataba kwamba picha ghafi na ramani zote za mwinuko ni mali ya wanaolipa, na kwamba alama za kudumu za ardhini zitawekwa ili mwaka wa pili ulingane na wa kwanza.

Ushauri wangu: rusha mara moja ardhi inapomalizika kusawazishwa, mara nyingine baada ya masika ya kwanza, halafu baada ya mvua yoyote kubwa isiyo ya kawaida. Basi. Fedha zilizobaki zilipe wapimaji wa ploti.

Kusoma uso wa udongo

Njia hii haijulikani sana kwetu na nasikitika kwa hilo, kwa sababu ndiyo inayojibu swali la Bamburi. David Tongway na wenzake huko Australia walibuni namna ya kuitathmini ardhi kwa kuangalia uso wake: je, maji ya mvua, majani makavu na udongo vinanaswa mahali, au vinakimbia? Unavuta kamba kufuata mteremko kutoka juu kwenda chini. Kila kipande unakiandika: hiki kinanasa (kichaka, shina la nyasi, gogo lililolala), hiki kinaachia (udongo mtupu). Kisha unatoa alama kwa viashiria 11 vya uso wa udongo, miongoni mwake ufuniko, takataka za majani na kiasi zilivyooza, ugumu wa gamba la juu, na dalili za mmonyoko. Alama hizo huungana kuwa vipimo vitatu: uthabiti, upenyaji wa maji, na mzunguko wa virutubisho.

Kimojawapo ni jaribio ambalo mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kulifanya. Chukua kipande kidogo cha gamba kavu la udongo, sentimita moja hivi, kitumbukize taratibu kwenye maji ya mvua ndani ya kikombe. Kikisambaratika mara moja, udongo huo hauna kinachoushikilia na mvua ijayo itauchukua. Kikikaa kizima, kuna mboji na nyuzi za kuvu zinazoushona pamoja. Mchanga mtupu usioshikamana hauwezi kujaribiwa hivi, na hilo lenyewe ni jibu.

Ikilinganishwa na maabara, njia hii haikupi kiasi cha fosforasi wala metali nzito. Ikilinganishwa na ploti za mimea, ina kasi zaidi na haihitaji kujua jina hata la mmea mmoja. Hutoa habari mapema: uso wa udongo hubadilika kabla ya miti kuonyesha chochote. Kama ningeambiwa niongeze kitu kimoja tu juu ya ploti, ningeongeza hiki.

Wadudu, ndege na sauti

Huko Australia Magharibi, kwenye machimbo ya bauksaiti, Jonathan Majer alionyesha tangu miaka ya 1970 na 1980 kwamba sisimizi hueleza vizuri hatua ambayo ardhi imefika. Wako wengi, viota vyao haviendi mbali, na kuwanasa ni rahisi: kikombe kinafukiwa mdomo ukiwa sawa na ardhi, kinawekwa maji kidogo yenye sabuni, kinaachwa siku kadhaa. Tatizo ni kuwatambua. Unaweza kuwapanga kwa sura, aina ya kwanza, ya pili, ya tatu, ukahifadhi sampuli kwenye spiriti hadi mtaalamu wa wadudu apatikane.

Usihesabu wingi wao tu. Kwenye pwani yetu kuna sisimizi wadogo wenye askari wa vichwa vikubwa, *Pheidole megacephala*, ambao hutawala ardhi iliyovurugwa na kuwafukuza wengine. Wakulima wa minazi na mikorosho wanawajua, hata kama si kwa jina hilo, kwa sababu huwaondoa majimoto, wale wekundu wanaoshona majani na kuwala wadudu wanaopukutisha nazi changa. Kikombe kilichojaa Pheidole ni habari mbaya, hata kikiwa kimejaa pomoni.

Ndege ni rahisi zaidi kwa jamii, kwani wapo waongoza watalii wanaowatambua kwa sauti. Upungufu wao ni kwamba huruka: hondohondo aliyeonekana juu ya ardhi ya mgodi huenda anapita tu kutoka msitu mmoja kwenda mwingine. Andika alichokuwa akifanya, kama alikula, alitua au alijenga kiota. Vinasa sauti vidogo kama AudioMoth vinaweza kuachwa mtini vikarekodi alfajiri kwa wiki kadhaa, na rekodi hubaki kama ushahidi unaoweza kusikilizwa upya hata baada ya miaka 10. Ila kusikiliza saa mamia ni kazi, na programu za kutambua sauti bado huwafahamu zaidi ndege wa Ulaya na Marekani kuliko wa Msambweni. Haya yote ni ya mwaka wa tano na kuendelea. Mwaka wa kwanza, ardhi ikiwa bado mchanga na matandazo, hayana la kukuambia.

Maji na kemia

Hapa hakuna cha kuchagua. Kwenye migodi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, ambako mawe yaliyotupwa yanaweza kuwa na salfaidi (madini yenye salfa), mawe hayo yakikutana na hewa na maji huweza kutoa asidi inayoyeyusha metali. Pima pH ya maji yanayochuruzika kila msimu, na peleka sampuli maabara. Kwa maduara (mashimo) ya wachimbaji wadogo waliotumia zebaki, rangi ya kijani haina maana yoyote mpaka udongo na maji yapimwe. Uoto unaweza kusitawi juu ya sumu.

Utalinganisha na wapi?

Vipimo vyote hivi havina maana bila eneo rejea, yaani ardhi ya kulinganisha nayo, na makosa mengi ya ufuatiliaji huanzia hapa. Kwa Kwale, mtu atafikiria haraka makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda ambayo baadhi yake iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Kaya Kinondo ni nzuri na inajulikana. Lakini imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, wakati madini ya Kwale yalikuwa kwenye mchanga mwekundu ambao wanajiolojia huuita wa Magarini. Kuilinganisha ardhi ya mgodi na Kinondo ni kuidai izae kisichokuwa chake. Misitu ya Gongoni na Buda, iliyo jirani na mgodi, ndiyo ya kuangaliwa kwanza, huku udongo wake ukikaguliwa ploti kwa ploti. Na ukilazimika kuingia kaya yoyote, wazee wa kaya ndio wanaotoa ruhusa. Kuna sehemu ambazo hazikanyagwi, na ploti haziwekwi huko.

Pia kuna ardhi ambayo haikuwa msitu hata kabla ya mgodi. Palikuwa na minazi, mikorosho, maembe na mihogo ya watu. Kama makubaliano ni kurudisha shamba, usimsumbue mtu kwa kuhesabu spishi za msituni. Panda mahindi au mihogo kwenye ploti za majaribio, pima mavuno kando ya shamba la jirani lisilochimbwa, pima mboji na uwezo wa udongo kushika maji, na rudia kwa misimu kadhaa bila mbolea ya msaada. Shamba linalozaa kwa mbolea ya kampuni tu bado halijarudi.

Kama ni mimi ninayechagua

Kikundi kisicho na fedha kabisa, chenye watu wa kujitolea tu, kingeanza na picha kutoka sehemu za kudumu: vigingi 12 hivi, kamera ya simu ikiwekwa juu ya kigingi, ikielekea upande uleule, tarehe ileile. Ni njia ya chini kuliko zote kwa gharama na ya juu kwa kueleweka. Picha sita za miaka sita zikiwekwa pamoja mkutanoni hazihitaji mkalimani. Kijana mmoja afundishwe kupata picha za Sentinel-2 za Februari. Jaribio la kikombe cha maji lifanywe kwenye kila kigingi. Hayo matatu yanagharimu nauli na muda.

Ofisi ya kaunti au halmashauri yenye bajeti ya kawaida iongeze ploti za kudumu, ndani ya eneo na kwenye msitu rejea, pamoja na usomaji wa uso wa udongo. Miaka mitatu ya mwanzo ipime kila mwaka, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu. Sisimizi au ndege waongezwe mwaka wa tano. Droni ikodiwe mahali penye miteremko na mabwawa ya tope peke yake.

Mwenye mgodi, ambaye ana fedha, hana udhuru wa kuchagua: afanye yote, na ampe mtu mwingine asiye mwajiriwa wake ruhusa ya kuyarudia kwenye baadhi ya ploti zilezile. Vipimo viwili vikitofautiana sana, ploti hiyo irudiwe pande zote zikiwepo.

Kwa yeyote kati yao, swali la kujiuliza kabla ya kununua chochote ni nani atakayeifanya kazi hii mwaka wa kumi. Njia ya kifahari iliyofanywa mara mbili ikaachwa ni dhaifu kuliko daftari lililoandikwa mara kumi. Weka nakala ya data sehemu tatu tofauti, mojawapo ikiwa karatasi kwenye ofisi ya chifu au serikali ya kijiji: namba za vigingi, ramani, majina ya kienyeji ya mimea, tarehe, na nani aliyepima.

Halafu liangalie tarehe ya dhamana. Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 inamtaka mwenye leseni aweke dhamana ya fedha ya kulinda mazingira na awe na mpango wa kufunga mgodi. Tanzania nayo ina utaratibu wa dhamana ya ukarabati. Fedha hizo ndizo nguvu pekee iliyobaki mezani baada ya mitambo kuondoka, na zikisharudishwa ni vigumu kuzidai tena. Omba nakala ya mpango wa kufunga sasa, soma umeahidi nini kwa kila hekta, kisha upange kalenda yako ya vipimo ili matokeo ya angalau misimu mitatu ya mvua yawe mikononi mwa mamlaka ya mazingira ya nchi yako kabla saini ya kuirudisha dhamana haijawekwa.